Matanga Hayavunjwi

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupanga namna nchi zilizovunjwa na vita zitakavyosimama tena. Nimekaa mahemani na mawaziri wasio na hata ofisi, tukigawana nani ajenge shule, nani arudishe maji. Nilipostaafu nikarudi Mbagala, na mvua za mwaka huo zikalizoa daraja la mtaani kwetu. Nikajiambia, hili dogo.

Dogo wapi! Niliitisha vikao, nikabandika michoro ukutani. Wa ng'ambo ya mto wakasema wa huku ndio walioziba mfereji kwa taka. Wa huku wakajibu kwamba wenzao walijenga bondeni kwa ubishi. Kila kikao kikaishia kwenye matusi, nami nikachoka nao wote.

Kisha shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, akafariki kule ng'ambo. Hapo hakuna aliyeitwa kikaoni. Vijana waliingia majini, mafundi wakaleta mbao na mirunda ya kuazima, akina mama wa pande zote wakagawana masufuria. Kabla ya adhuhuri jeneza likapita juu ya kivuko hicho cha mbao, kuja makaburini upande wetu. Katikati ya kilio changu nikapandwa na hasira: kumbe wanaweza!

Siku ya kuvunja matanga, wenye mbao wakaja kuzichukua. Mdogo wangu alikuwa ameanza eda, haruhusiwi kutoka kwa miezi. Kivuko kikiondoka, nani angemfikia? Nikasimama mlangoni.

"Jamani, matanga hayavunjwi. Sie wafiwa tumekataa, mpaka daraja lisimame."

"Mama, matanga gani hayo yasiyo na mwisho?" mzee mmoja akafoka.

"Haya haya, baba. Anayetaka kuondoa ubao wake msibani, auondoe tumwone."

Walinung'unika, wengine wakacheka, lakini hakuna aliyegusa ubao. Kesho yake nikagawa kazi kama zinavyogawiwa msibani. Wa chakula wakapika, wa usafiri wakasomba mawe na saruji, na wachimba kaburi nikawapa msingi. Watu waliokuwa hawasalimiani wakapokezana ndoo za zege, maana msibani hakuna kuulizana ugomvi.

Daraja liliposimama nilivuka na chupa ya uji. Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani, anasikiliza watu wanaopita nje.

"Wote hao wanavuka, dada?"

"Wanavuka."

Akajifunika uso kwa kanga. "Mie nilishajiandaa kusahauliwa," akasema.