Bushi Ngumu na Mgongo wa Mama

Gari langu lilikuwa na tabia moja mbaya: nikiachia klachi kwenye mstari wa kuanzia mbio, mkia unarukaruka. Tairi za nyuma zinasugua lami, moshi unafuka, watu wanashangilia, na mshindani wangu keshaondoka zamani. Nilichekwa Jumapili tatu mfululizo, na mimi kuchekwa siwezi.

Fundi wangu wa Kurasini, mtu asiyependa maneno mengi, aliingia chini ya gari akatoka amejaa grisi.

"Braza, bushi zako za nyuma, zile raba za kwenye maungio, laini. Ule mpira unanyumbuka, tairi inadunda badala ya kushika chini. Tuweke za plastiki ngumu, na shokapu ngumu. Ila kwenye mashimo abiria wako watalia."

"Sina abiria mie," nilimjibu. "Weka."

Nilikuwa na abiria mmoja. Kila Alhamisi nilimtoa mama Mtoni kumpeleka Mwananyamala, kwa dada yake mkubwa ambaye hakuweza tena kutoka kitandani. Mama hukaa kiti cha nyuma, maana cha mbele ni cha sufuria ya mchuzi wa mgonjwa. Sufuria hufungwa mkanda kama mtu mzima.

Alhamisi ya kwanza baada ya bushi mpya, kila shimo la barabara yetu ya vumbi lilimfika mama mgongoni. Nilimwona kwenye kioo anauma pindo la khanga, amejikaza kisabuni. Nikajitia hamnazo, nikaongeza sauti ya redio. Jumapili yake niliachia klachi, mkia ukatulia, tairi zikang'ata lami, nikashinda. Nilifurahi mno, na leo naona haya kukumbuka furaha ile.

Wiki ya tatu mama alisema, "Mgongo wangu umeharibika, mwanangu. Uzee huu. Mwambie mama yako mkubwa siwezi kuja."

Akakaa nyumbani Alhamisi nne. Ningeweza kusema. Bushi hubadilishwa kwa nusu siku tu. Lakini fainali ilikuwa mbele yangu, na kila nikitaka kufungua mdomo najiambia, baada ya fainali. Mchuzi nikawa naupeleka peke yangu. Mama mkubwa, pale kitandani, alikuwa akitazama mlangoni nyuma yangu, kuona kama nimekuja na mtu.

Fainali nilishindwa. Nikarudisha bushi za mpira na shokapu za zamani, nikamwomba mama ajaribu tena safari. Tulifika Mwananyamala hajaigusa khanga hata mara moja. Alishuka analia kwa furaha, "Alhamdulillahi, nimepona!" Nami nikaitikia, macho makavu.

Sikujua kwamba alikuwa ameweka nadhiri: mgongo ukipona, atafunga siku tatu. Akafunga kweli, kwenye joto lile, midomo imemkauka. Siku ya pili, tukingoja magharibi mkekani, roho ilinisuta nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote, bushi, shokapu na mbio.

"Kwa hiyo kesho usifunge, mama. Mgongo wako haukuwa na kitu. Ilikuwa gari."

"Nilimwahidi Mungu, sikukuahidi wewe," alisema. "Kesho nafunga."

Akachukua tende, akaishika tu.

"Nikuulize. Wakati ule nauma khanga, ulikuwa ukiniona kwenye kioo?"

Nilitamani adhana iniokoe. Haikuadhiniwa.

"Nilikuwa nakuona, mama."

Hakunigombeza. Adhana ilipokuja alikula tende yake taratibu, akanisogezea sahani, nami sikuweza kunyoosha mkono.

Alhamisi iliyofuata aliiweka sufuria kiti cha nyuma. Kisha akaja mbele, akakaa pembeni yangu, akafunga mkanda.