Kasi ya Butembo, Joto ya Beni

Mimi masomo yangu yaliishia mwaka wa ine wa primaire, shule ya musingi. Sioni haya kulisema. Nalisema ili ujue kwamba kila ninachokijua nimekitafuta kwa mikono yangu. Nilisukuma tshukudu, zile baiskeli za mbao, na maharagi kutoka Vuhovi, nikatengeneza moulin, mashine za kusaga unga, na leo nina sale, chumba cha kuchezea michezo, hapa Butembo, kompyuta nane, watu wanajipanga mulangoni.

Carte graphique, kile kipande ndani ya kompyuta kinachotengeneza picha, zangu zote ni za zamani. Watu waliniambia nizitupe, ninunue mupya. Mimi, niliyefanya moulin kuukuu isage kuliko ya jirani? Kuna programu ya kuiongezea kasi: kwenye écran, kioo cha kompyuta, unasukuma alama, namba zinapanda. Wasomi wanasukuma mara moja mpaka mwisho, wanaiunguza. Mimi nilianza kwa kufungua kompyuta moja, nikapuliza vumbi, nikapangusa ile pâte ya kupitisha joto, iliyokuwa imekauka kama ukoko wa chungu, nikapaka ingine. Nguvu ya umeme inayoingia sikuigusa hata kidogo, juu kitu kizee hakilishwi kwa nguvu. Nikapandisha hatua moja, nikacheza mechi nzima ya mupira, nikaangalia joto. Nikapandisha tena. Siku tatu. Picha ilipoanza kutetemeka nikarudi nyuma hatua moja tu, nikaacha hapo. Digrii sabini na saba. Mupira ulikuwa unateleza kama umepakwa mawese. Nilimwita muke wangu aje ashuhudie. Alisema ni vizuri, akarudi kutwanga majani yake ya sombe.

Sasa, kaka mukubwa wa muke wangu, shemeki yangu, ni mwalimu aliyestaafu, anakaa Beni. Nyumba yake ina chumba cha mbele kinachoangalia barabara, na mimi nilikitamani miaka mingi kwa sale ya pili. Mais tangu ndoa yetu yeye alikuwa na neno moja tu: mutu asiyemaliza primaire akitengeneza kitu leo, kesho kitamulipukia. Tena mununuzi mumoja wa kakao naye alikuwa anakitaka chumba hicho kwa depo yake. Nikamupigia shemeki simu, nikamwambia nakuja na mashine yangu, itacheza mechi moja toka mwanzo mpaka mwisho bila kukwama. Akakubali. Ikimaliza, chumba ni changu. Ikikwama, kakao inaingia.

Tukateremka Beni, mimi na muke wangu, kompyuta juu ya magoti yangu ndani ya blanketi kama mutoto wa ubatizo. Tulifika saa saba muchana. Chumba kilikuwa na bati tupu, bila plafond ya kuzuia joto, na mununuzi wa kakao alikuwa amekwisha kufika, amekaa juu ya magunia yake. Niliwapa hotuba fupi kuhusu maisha yangu, donc nusu saa, kisha nikawasha.

Hata kabla ya mapumziko, majani ya uwanja yakaanza kutoa mistari ya zambarau. Kipa akapoteza kichwa, mais akaendelea kudaka. Kisha écran ikawa nyeusi.

Shemeki hakucheka, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alivua miwani, akaipangusa. Mununuzi wa kakao akaomba ruhusa ya kupima ukuta. Nikasema kosa ni la courant ya Beni, umeme unarukaruka. Shemeki akaonyesha taa, ilikuwa imetulia kabisa. Nikasema ni waya. Nikasema ni safari, mashine ilitikisika. Jasho lilikuwa linaingia machoni.

Ndipo muke wangu akauliza polepole, "Baba batoto, koti yako iko wapi?"

"Nimevua. Hauone hii joto?"

"Weye umevua. Ile mashine yako ingali inakimbia na koti ya Butembo."

Nikaacha kutafuta wa kumulaumu, jambo ambalo familia ile yote inalisimulia mpaka leo. Kasi ile niliitafutia kwetu, kwenye baridi ya mulima, dirisha wazi. Hapa chini ya bati nilipowasha tena kuangalia, namba ilikuwa tisini na moja na bado inapanda.

Kupunguza kasi mbele ya shemeki ilikuwa kukubali kwamba neno lake la siku zote ni kweli. Nilitazama barabara kupitia mulango, nikatazama magunia.

"Shemeki," nikasema, "nimekosa. Hii kasi hapana ya Beni. Munipe mechi ingine moja."

Akarudisha miwani. "Miaka makumi mbili nangojea useme ile neno, nimekosa. Anza."

Nikafungua kifuniko cha kompyuta, nikangoja ipoe, nikarudi nyuma hatua ine. Ili mechi iwe ya kweli nikamupa mununuzi wa kakao manette ya pili, ile ya kushika mukononi na kuchezea. Joto likapanda mpaka themanini na mbili, likakaa hapo. Picha haikuteleza kama Butembo, mais ilishinda ile ya siku niliyoinunua. Mechi ikaisha, moja kwa sifuri. Bao lilifungwa na mununuzi wa kakao, ambaye aliuliza sale itafunguliwa lini.

Shemeki akatoa ufunguo mufukoni, akapita mbele ya mukono wangu uliokuwa umekwisha kunyooshwa, akamupa dada yake. "Mashine ni ya bwana yako," akamwambia. "Chumba napatia ule aliona joto."

Donc sale ya Beni ni ya muke wangu, na inafanya kazi kuliko ya Butembo. Mimi nateremka kila mwezi kupuliza vumbi na kuangalia digrii. Mutu akiuliza fundi ni nani, muke wangu ananionyesha kwa kidole, anasema ni huyu, na mara nyingi haongezi habari ya koti.