Mate ya Babu na Jina la Mzungu wa Nzige

Barua pepe ilifika mwezi wa tano, nikiwa kwenye duka la stationari hapa Sumbawanga mjini ambako najishikiza huku nikisubiri ajira. Aliyeandika ni mama mmoja wa Uingereza. Alisema amestaafu, na kwamba kwa miaka mingi amekuwa akifuatilia jina la ukoo wao: lilianzia wapi, nani alilibeba, lilifika hadi wapi. Alikuwa ameliona kwenye orodha ya wahitimu ambayo chuo chetu kilikuwa kimeiweka mtandaoni. Lilikuwa jina langu la mwisho. Aliniuliza, kwa adabu nyingi, nililipata wapi.

Niliisoma mara sita. Ilikuwa na adabu kweli, lakini mimi nilisikia polisi anayekuuliza simu hiyo umeipata wapi.

Swali lenyewe si geni. Nimeulizwa na mwalimu wa darasa la kwanza, nikaulizwa na padri siku ya kipaimara, na karani wa vitambulisho aliyenitazama uso, akatazama fomu, akarudi usoni.

"Baba yako mzungu?"

"Hapana."

"Babu?"

"Mfipa, wa kijiji cha Mollo."

"Sasa hili jina, dada?"

Nikamjibu kama tunavyojibu wote nyumbani: ni la mzungu wa nzige. Akacheka. Kitambulisho changu kilichelewa kuliko vya wenzangu wote, na hadi leo siamini kwamba tatizo lilikuwa mtandao.

Mwenzangu wa dukani, binti aliyehamia hapa na wazazi wake kutoka Mbeya, aliisoma barua ile juu ya bega langu huku mashine ya fotokopi ikiendelea.

"Shosti, hao matapeli. Futa."

"Mbona hajaomba chochote?"

"Ndiyo ujanja wenyewe. Anayeomba siku ya kwanza bado mwanafunzi."

Nilikaa siku nne bila kujibu. Kisha nikajibu sentensi mbili tu, zisizosema kitu. Yeye akaleta kurasa nne. Jina lile, alisema, lilikuwa kwanza jina la mahali: bonde dogo la kaskazini ya Uingereza, chini ya mteremko, penye mvua nyingi na kondoo wengi kuliko watu. Watu wa pale walipohama kwenda miji ya viwanda vya nguo, wenyeji waliwaita kwa jina la walikotoka. Wajukuu wao wakapanda meli. Wengine walishukia Kanada, wengine Australia, wengine Afrika ya Kusini. Alikuwa amechora mti mzima wenye matawi, na kila tawi lilikwenda likaishia kwa mtu aliye hai, isipokuwa moja. Tawi hilo lilikuwa na kijana mmoja aliyekwenda Tanganyika kupambana na nzige kwenye bonde la Ziwa Rukwa, halafu mstari ukakatika. Chini yake aliweka alama ya kuuliza. Nilielewa kwamba alama ile ni sisi.

Mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka jambo akiwa mlangoni, aliuliza kama kuna mwanamume mzee wa familia yetu anayeweza kutoa mate kidogo yapimwe. Angetuma kichupa yeye mwenyewe. Kipimo kingesema kama damu ni moja.

Nikajibu kwamba yupo. Babu sikumuuliza.

Hapa lazima niseme habari ya nyumbani kama tulivyokua tukiisikia. Baba yake babu alikuwa kibarua wa huyo mzungu kule chini bondeni, upande wa Ilemba. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya pumba zilizochanganywa na sumu, na kuzimwaga mahali nzige walipotua. Mzungu akashikwa na homa, akafa ndani ya wiki. Hakukuwa na ndugu yake wa kumzika, wakamzika vibarua. Mwezi uliofuata babu akazaliwa, akalia siku tatu bila kunyonya. Kwetu mtoto anayelia hivyo anadai jina. Wazee wanakaa, wanamtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na jina analonyamazia ndilo lake. Walimtajia wote, wa kuumeni na wa kukeni, akazidi kulia. Ndipo baba yake, aliyekuwa amechoka kukesha, akalitaja la yule mzungu. Mtoto akanyamaza, akashika ziwa. Padri alipombatiza alimwongezea jina la mtakatifu, lakini la kwanza halikutoka. Watoto wa babu wakaandikishwa shule kwa jina la baba yao, na sisi kwa la baba zetu. Hivyo ndivyo jina la bonde la kondoo lilivyopanda mlima hadi Mollo.

Ni habari nzuri mno. Hilo ndilo lililonisumbua. Nimesoma chuo miaka mitatu na nilichotoka nacho ni kutoamini habari nzuri. Mtoto anazaliwa mwezi mmoja baada ya mzungu kufa, anapewa jina la mzungu. Ungeisikia kwa jirani, ungefikiri nini?

Wadogo zake babu wanafikiri hivyo hivyo, nadhani, ila wao wanayafanya utani. Babu ana weupe kidogo kuwashinda. Kwenye misiba utawasikia: "Msogezeeni Mzungu kivulini, ataungua!" Watu wanacheka, naye anacheka. Lakini yeye ndiye mtoto wa kwanza wa baba yake. Ndiye anayesema neno la ukoo mbele ya jeneza. Shamba la Mollo alikabidhiwa yeye, na amekwisha kutuonyesha mahali atakapolazwa, ubavuni mwa baba yake, hatua mbili tu. Kipimo kikisema vingine, atalala ubavuni mwa nani?

Nilikwenda Mollo mwisho wa wiki nikamkuta bibi akipeta ulezi, upepo wa kipupwe ukimsaidia kazi.

"Karibu, mke mwenzangu. Umekuja kuninyang'anya mume?"

"Shikamoo bibi. Baki naye tu."

"Marahaba. Afadhali, maana anakohoa, hafai."

Nikamsaidia kubeba ungo, kisha nikaanza kuzungukazunguka. Mzungu alifika bondeni lini? Kabla ya kuvuna au baada? Mama mkwe wa bibi alikuwa akiishi kambini kwa vibarua, au alibaki kijijini? Bibi alijibu mawili, kwa la tatu akaacha kupeta.

"Unahesabu nini kwenye vidole?"

Nikauficha mkono.

"Hata mimi nilihesabu," alisema. "Nilipoolewa. Nikamuuliza mama mkwe kwa kuzunguka, kama wewe. Akaniambia: mpikie mumeo, hesabu waachie walimu." Akaurusha ulezi juu, makapi yakaruka. "Sikuuliza tena."

Hilo halikuwa jibu. Nililala nalo siku nyingi nikiligeuza. Mwanamke asiye na la kuficha angesema hapana. Au mwanamke asiye na la kuficha ndiye hasa anayekasirika?

Kichupa kilifika posta mwezi wa saba, ndani ya kijisanduku cheupe chenye maelekezo ya picha. Shida ilikuwa mate ya mzee. Kwetu mate si kitu cha kutupwa ovyo. Nilipokuwa nakwenda chuo babu alinitemea kidogo kwenye paji la uso, akaninong'onezea Kifipa, nikaambiwa nisifute hadi nifike stendi. Ningemwambiaje kwamba nataka kuyatia kwenye chupa, niyapeleke kwa mtu asiyemjua, ng'ambo ya bahari? Angeuliza huyo mtu anataka kumfanyia nini.

Nikakumbuka kikohozi. Wahudumu wa afya hupita vijijini na vikopo kuchukua makohozi ya watu wenye kifua. Kila mtu anavijua.

"Babu, nimekuletea kipimo cha kifua. Utatema humu tu."

Alikitazama kichupa, akanitazama mimi. Hakuuliza. Alisukutua kinywa, akageuka upande kwa heshima, akatema mpaka kwenye mstari. Alinirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka.

"Asante, mke wangu. Umesoma, unatujali."

Nilipaswa kukituma Jumatatu. Sikukituma. Kilikaa kwenye droo ya duka, nyuma ya wino wa mashine. Kila siku nilikuwa na sababu: karani wa posta hayupo, foleni, jua. Mwenzangu akaniambia, "Tuma au tupa, hayo mate ya mtu yananiangalia." Ukweli ni kwamba nilimshuku kila mtu. Mama wa Uingereza alitaka nini hasa? Bibi alijua nini? Hata babu nilianza kumtazama masikio kwenye picha ya sherehe yangu ya kipaimara, nikiyalinganisha na ya yule kijana, mwenye kofia kwenye picha iliyobandikwa katika ule mti.

Baada ya wiki tatu nikapanda tena Mollo. Babu hakuwa mezani. Alikuwa amekaa peke yake nyuma ya jiko na bakuli lake na kikombe chake, vimefungwa uzi mwekundu visichanganyike na vya wengine. Wajukuu wadogo walikuwa wamekatazwa kumsogelea.

"Nani amekatazia?" nilimuuliza bibi.

"Yeye mwenyewe. Anasema mpaka majibu yatoke. Anasema kifua kikuu hakina adabu kwa watoto." Akashusha sauti. "Usiku hanilazi karibu. Majibu gani hayo yasiyotoka, mjukuu wangu?"

Nilikwenda nyuma ya jiko nikapiga magoti. Nilimwambia yote: barua, mti, alama ya kuuliza, kichupa. Nilimwambia kifua chake hakijapimwa na mtu yeyote. Nilimwambia hata kile ambacho nilikuwa na hofu nacho, kwa sababu nikishaanza kusema siwezi kuacha.

Nilijua anakasirika kwa namna alivyokuwa akilivuta koti.

"Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu nimejizika mwenyewe."

"Nisamehe babu."

"Kile kichupa kiko wapi?"

Kilikuwa kwenye mkoba. Akakiinua kwenye mwanga, akatazama mate yake yaliyogeuka rangi.

"Hiki kikisema mimi ni wa mzungu, nani atamfukua baba yangu akamwambie? Aliamka usiku akanitafutia jina. Wewe utakwenda kumwambia alikosea?"

"Hapana."

"Na kikisema si wa mzungu, wadogo zangu watakosa la kuchekea misibani." Alifungua kizibo, akamwaga kwenye majivu, akayafukia kwa kisigino. Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini alibaki ameinama.

"Huyo mama. Ni ndugu yake kabisa?"

"Babu yake huyo mama na baba yake yule kijana walikuwa ndugu."

"Kwa hiyo alikuwa na watu." Alisema kama mtu aliyeibiwa. "Sisi tuliambiwa hana watu. Mimi kila mwaka nashuka Ilemba kufyeka pale alipolala, nikijua hana mwingine."

Hilo sikuwa nalijua. Kila mwaka baada ya mavuno alikuwa akiaga kwamba anakwenda kutafuta samaki. Na samaki alikuwa akirudi nao.

"Andika," alisema. "Sasa hivi. Mwambie mate hapana. Mwambie kaburi lipo, lina mawe, na mwaka huu nimechelewa kulifyeka kwa sababu nilikuwa mgonjwa wa uongo." Nikaandika kwenye simu. "Halafu muulize alikuwa mtu wa namna gani. Nimembeba miaka yote hii, sijui kama alikuwa mtu mzuri."

Jibu lilikuja baada ya siku tatu, na mara hiyo nilipanda Mollo siku ile ile nikamsomea. Mama yule aliandika kwamba amelia. Aliandika kwamba hajui. Alikuwa na tarehe ya kuzaliwa, jina la meli, na picha moja yenye kofia. Waliomfahamu walikuwa wamekufa wote bila kuandika lolote juu yake. Akauliza kama babu anajua chochote, hata kidogo.

Babu alinifanya nirudie mahali aliposema hajui.

"Hata wao," alisema.

Nilimtazama masikio. Bado nayatazama, siwezi kujizuia, na sitajua kamwe. Yeye alikuwa amekwisha kusogeza kigoda karibu na bibi, ili bibi amsahihishe, kwa kuwa habari hizi walizipokea wote wawili kutoka kwa wazee wale wale.

"Andika," alisema. "Baba aliniambia alikuwa akiogopa vyura."

"Si vyura," bibi akadakia. "Bundi."

"Vyura! Aliyeogopa bundi alikuwa mpishi wake. Andika vyura. Na alikuwa hali kabla vibarua hawajagawiwa chakula. Hiyo iandike kwanza."