Siku Isiyo na Moto

Mavyaa wangu alikuwa mwanamke wa misiba. Simsengenyi, Mungu amrehemu. Yeyote aliyemjua pale Kisauni angekwambia hivyo hivyo. Kikisikika kilio ng'ambo ya barabara, yeye ndiye wa kwanza kufika, buibui limekaa upande, na tayari ameshauliza sufuria kubwa iko wapi. Harusini alichelewa, kwenye maulidi alisinzia, lakini matanga, lo! Hapo ndipo ungemjua. Mimi niliingia nyumbani kwake bi harusi mbichi, miaka ile ya mwisho mwisho ya mkoloni, na karibu yote niliyoyajua juu ya majirani niliyajua kwa kumfuata yeye nyuma.

Tulipakana ua kwa ua na Wahindi, wale Mabaniani waliokuwa na duka kwenye njia ya kwenda Bamburi. Mwenye duka alizaliwa hapa hapa, Kiswahili chake hukitofautishi na chetu. Mkewe aliletwa kutoka kwao Bara Hindi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia sukari na mafuta ya taa, basi. Alikuwapo na mama mzee wa mwenye duka, mjane, nguo zake nyeupe mwaka mzima. Nyumba nzima walimwita Mama, nasi tukamwita Mama. Na alikuwapo binti mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza aanze kutembea, akiyumba na njuga zake miguuni. Kabla yake mimba tatu ziliharibika. Mtoto yule alipakwa wanja shavuni kukinga jicho la hasidi, kama tunavyofanya sisi, na asingeweza kupiga chafya watu watatu wasimkimbilie.

Mwaka wa watu wale ulikuwa mwaka wa moto. Ulianza na tiara mwezi wa Januari, maana walisema jua linageuza njia. Mwenye duka, mtu mzima na tumbo lake, alipanda juu ya bati kurusha tiara na mkewe chini akimwombea asianguke. Mvua za masika zikikaribia waliwasha kuni uani, wakatupa nazi ndani, kumkumbuka mtoto mcha Mungu aliyetiwa motoni na shangazi yake. Shangazi akaungua, mtoto akatoka mzima. Mtoto wa mwaka wa kwanza hubebwa akazungushwa moto ule. Binti yule alizungushwa mbele ya macho yangu, na bibi yake akicheka ufizi mtupu. Baadaye zikaja zile siku tisa za wanawake kucheza wakiuzunguka mtungi uliotobolewa matundu, taa inawaka ndani. Kisha Diwali, vijitaa vya udongo kwenye kila kizingiti, ati mfalme wao amerudi kutoka uhamishoni na njia isiwe na giza. Tuliletewa sahani za vitafunio vyao, ladu na chakri, mavyaa akazila zote, halafu akasema zina samli mno.

Hakuna aliyetuambia kwamba katika mwaka wote huo wa moto ipo siku moja ambayo moto hauwashwi kabisa. Tungejuaje? Miaka ya nyuma, siku hizo za Agosti walikuwa wakienda mjini kwa jamaa zao, ng'ambo ya daraja. Mwaka ule hawakwenda kwa kuwa mtoto alikuwa akiota meno.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya kimawingu. Mavyaa ndiye aliyeona kwanza kwamba jikoni kwa Mhindi hakufuki moshi. Kwetu, nyumba isiyopika ni nyumba iliyofiwa; majirani ndio wapikao. Akauendea ua, akachungulia.

"Mbona leo kimya? Mna nini?"

Mke wa Mhindi alikuja mbio, kidole mdomoni. "Leo moto hapana," akanong'ona. "Mama iko lala. Baridi. Baridi sana."

Mavyaa akageuka kunitazama, mikono kichwani. "Innalillahi! Kizee cha watu kimekufa, na hawa hawana jamaa hapa!"

Nilitaka kusema ngoja kwanza tuulize, lakini kumwambia ngoja mavyaa siku ya msiba ni kupoteza pumzi. Alikwisha kutuma habari mtaani, na alikwisha kupita mlango wa uani. Jikoni alikuta seredani imezolewa majivu, imepakwa doa jekundu na kuwekewa kijipamba juu yake. "Masikini, hata majivu wameyatoa," akasema, machozi yanamlengalenga. Akaleta kaa la moto kutoka kwetu, akatia makaa, akapuliza mpaka yakashika, akateleka maji. "Kuosha wataosha wenyewe kwa mila zao. Lakini maji ya maiti yasingojewe."

Wanawake wakaanza kuingia, huyu na sufuria ya uji, yule na wali wa nazi ungali ukifuka. Mmoja alikuwa hata ameanza kulia kwa sauti. Na hapo mlango wa ndani ukafunguka, akatoka bibi kizee mwenyewe na nguo yake nyeupe, tasbihi mkononi. Aliyekuwa akilia akapiga ukelele, "Audhubillahi!" akaangusha uji.

Mwenye duka akaja mbio kutoka dukani kutueleza. Mama aliyelala siye mama yake. Ni mungu wao wa kike, mwenye amri juu ya ndui na maradhi yote ya vipele, na jina lake maana yake ni yule wa baridi. Siku hiyo hupita majumbani, akajilaza ndani ya majiko apoe. Watu hula viporo vilivyopikwa jana. Akikuta jiko limepoa, huwabariki watoto wa nyumba hiyo. Akikuta moto... Hapo mwenye duka akatazama jikoni, asimalize.

Watu walicheka, jamani, walicheka mpaka wakashikana mabega. Mavyaa alicheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyefedheheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nikimtazama bibi kizee. Alikuwa ameshaingia jikoni. Hakufoka. Aliinua sufuria akaiweka kando, akamwagia makaa maji, kisha maziwa, kisha akachuchumaa mbele ya seredani akaanza kuipepea kwa upindo wa nguo yake, polepole, kama unavyompepea mtoto mwenye homa. Watu wakatoka mmoja mmoja. Yeye akabaki anapepea.

Tangu siku ile nikawa na hofu, nami simfichi mtu. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa mungu wao mwingine, yule wanayemtilia kisanamu kwenye kitanda cha kubembea. Miaka mingine wakirudi kutoka mjini walituletea sukari na nazi ya baraka. Safari hii hatukuletewa kitu. Mke wa Mhindi akipita uani alitazama chini. Bibi kizee kila asubuhi alimvua mtoto nguo juani, akamgeuza huku na huku, akimtafuta vipele mwilini. Nilimwona kupitia makuti ya ua, na kila akimvika tena nguo nami nilishusha pumzi.

Hata mwezi haukuisha, mtoto akashikwa na homa. Halafu vipele.

"Ni surua," nilimwambia mavyaa. "Iko mtaa mzima. Watoto wa nyumba ya pili wanayo, na wao hawana mungu wa jikoni. Hukuileta wewe."

"Nyamaza. Wewe wajua nini?"

Alikata matawi ya mwarobaini uani kwetu, maana alisikia wao humpepea mgonjwa kwa majani hayo, akayaweka mlangoni kwao. Yalikaa pale mpaka yakanyauka.

Bibi kizee alisema Mama yule wa baridi amekuja ndani ya mwili wa mtoto, amekuja na hasira, na mgeni wa namna hiyo hafukuzwi kwa sindano. Huombwa radhi, hupozwa, mpaka aondoke mwenyewe. Sisemi kitu, sisi nasi tulikuwa na kombe zetu za kuandikiwa na kunywa, na hata kwetu walikuwapo waliosema surua haitaki sindano. Lakini mama wa mtoto alitaka hospitali. Alasiri moja alikuja kwenye ua, macho yamevimba, akamshika mavyaa mkono kupitia makuti.

"Wewe sema kwa Mama," akasema. "Mama nasikia wewe. Sema hospitali."

Na kweli, zamani alimsikia. Vizee viwili vile, lugha haziingiliani, lakini walikuwa wakikaa uani pamoja kuchambua mchele na kugombana kwa ishara. Mavyaa akavaa buibui lake, safari hii sawasawa, akazunguka mpaka mlango wa mbele. Nikamfuata. Bibi kizee alifungua, akamwona ni nani, akasimama katikati ya mlango.

"Wewe hapana," akasema. Hilo tu.

Mavyaa alikuwa na maneno, wallahi, mwanamke yule alikuwa na maneno ya kumtoa jini. Siku hiyo aligeuka, akarudi nyumbani. Laiti asingeuwasha moto ule, angeingia, angepiga kelele, angembeba mtoto mwenyewe. Mpaka leo nina hasira. Nina hasira na bibi kizee, na mavyaa na haraka zake, na zaidi na mwenye duka, mwanamume mzima aliyesimama na funguo mkononi kati ya mamake na mkewe, asijue aende wapi. Alipokuja kuamua, mtoto alikuwa hanyonyi tena. Aliondoka naye kwa gari asubuhi. Adhuhuri haijafika akarudi, bado amempakata, lakini amefunikwa uso.

Jamaa zao wanaume wakaja kutoka mjini kumchukua. Wanawake wa kwao hawasindikizi maiti, kama sisi. Mtaa mzima ulijua kuna msiba na hakuna aliyethubutu kupeleka chakula. Mavyaa alikaa chini nyuma ya jiko letu, hajateleka kitu.

"Kamuulize mamake," akaniambia. "Kamuulize kama watamchoma."

"Mavyaa, hilo si la kuulizwa leo."

"Kamuulize!"

Nilikwenda. Mke wa Mhindi alikuwa sakafuni peke yake, kifua cha blauzi kimelowa maziwa. Sikumbuki nilitumia maneno gani, na Mungu anisamehe kwa kuyasema.

"Dogo hapana choma," akasema. "Dogo kwa mchanga. Kama nyinyi."

Nilirudi mbio, nikiona nimebeba faraja. Nikapiga magoti mbele ya mavyaa, nikamwambia hawachomi watoto wadogo, wanamzika udongoni kama tunavyozika sisi, moto hautamgusa.

Akaitazama mikono yake.

"Basi hakuguswa na moto wowote," akasema, "ila wangu."

Nikakaa pale chini karibu naye.