Mwenyekiti Ndani ya Mtama

Unga wa wimbi uliochachuka, ukikaangwa juu ya bati, unatoa harufu isiyo na adabu. Inaingia nyumba bila hodi, inashika nywele, inashika blanketi, hata ukienda kuchota maji inakufuata mpaka kisimani. Mimi nikisikia hiyo harufu najua ni mwezi wa saba, Mtakatifu Ana anakuja. Kwetu ni Iyolwa, kijiji kidogo ndani ya bonde, vilima huku na huku, na kanisa letu la matope lilikuwa na jina la huyo Ana, mama yake Maria, bibi yake Yesu. Siku yake wanawake wanapika pombe ya wimbi, wanaume wanaleta mirija yao mirefu ya kunywea, na sanamu ya Ana inazungushwa bonde lote ibariki mashamba, halafu inarudishwa altare. Ilikuwa ndogo tu, kama mtoto wa kunyonya, pua imebanduka. Lakini tulimpenda hivyo hivyo.

Sasa wacha nikwambie juu ya mwenyekiti wa kanisa, Mzee Ofwono. Mungu amsamehe, mimi bado. Alisoma kidogo Tororo mjini, akarudi na koti nyeusi na shingo ngumu. Hiyo koti aliivaa hata jua likiwaka mpaka kuku wanahema. Debe tupu haliachi kuvuma: kila Jumapili misa ikiisha anasimama kutufundisha, na mila zetu zote kwake zilikuwa za shetani. Hasa ile ya wakwe. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia kichakani, mama anafunika uso na kugeuka, na hakuna anayemcheka mwenzake, ndiyo heshima. Ofwono akasema huo ni ujinga wa watu wa giza, mama mkwe si shetani wa kukimbiwa, na anayemkimbia ndiye anamfanya shetani. Pombe pia alisema ni dhambi, lakini kwenye mtungi mrija wake ulikuwa mrefu kuliko ya wote.

Mama yangu, Nyaketcho, alikuwa na neno lake na Ana. Nilipokuwa mdogo surua ilinishika, ikanikausha, watu wakaanza kuongea polepole ndani ya nyumba kama mtu ameshakufa. Mama akamwapia Ana: mtoto huyu akipona, nitakubeba kwa mikono yangu mpaka altare. Nikapona, ndiyo maana unanisikia napiga domo hapa. Lakini mama hakuwa na pete ya kanisa. Baba kila mwaka alisema mwakani. Na kwa Ofwono mwanamke bila pete hagusi sanamu. Mama alienda kuomba, akafukuzwa, akaenda tena, akafukuzwa tena, na kila nikikohoa alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeshika kitu cha wenyewe na hajarudisha.

Mwaka ninaousema nilikuwa msichana wa kutosha kubeba birika la maji moto ya kuongeza kwenye mtungi. Mama akavaa gomesi yake, lile gauni refu la sikukuu, ameipiga pasi ya makaa, akapiga magoti mbele ya Ofwono pale uani kwa kanisa, watu wote wanaona. Ofwono hakuangalia uso, aliangalia vidole.

"Wewe Nyaketcho, kila mwaka unaniletea vidole vitupu. Ana si mtoto wa kuokota. Rudi kwa masufuria."

Akambeba Ana mwenyewe, kifua mbele. Na kwa sababu alikuwa ameezeka nyumba mpya ya mabati, akabadilisha njia. Siku zote tulipita juu. Yeye akatushusha njia ya chini, ile nyembamba, mpunga na maji upande huu, mtama upande ule, ili Ana na sisi wote tuone mabati yake. Haikumwingia kichwani kwamba njia hiyo ndiyo inatoka Molo, na Molo ndiko alikooa. Mama naye hakurudi kwa masufuria. Alimfuata kisigino kwa kisigino, anasema huyu mtu akijikwaa nitamdaka Ana.

Tukiwa tunaimba, kwenye kona akatokea kikongwe na kuku kwapani. Ni mama mkwe wake, anakuja sikukuu. Wimbo ukakatika. Ofwono akasimama kama mbuzi aliyeona mvua. Huku maji, huku mtama, mbele mkwe. Yale mahubiri yote yalikwenda wapi, sijui. Akageuka nyuma.

"Shika, shika, mama, upesi," akasema, akamsukumia mama yangu Ana mikononi, akazama ndani ya mtama na koti yake.

Kikongwe alikuwa amegeuka, kitambaa ameshusha mpaka kidevuni. Mkwe haongei na mkwe, basi akaongea na mtama.

"Mwambieni huyo aliye ndani, shetani anamsalimia. Na asikanyage mtama wa watu."

Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kikongwe akaweka kuku wake vizuri, akaingia kwenye mstari, ubavuni kwa mama yangu, tukaendelea. Ofwono alifuata kwa mbali, tunaona tu masuke yanatikisika. Mara akatoa kichwa, amejaa zile mbegu nyeusi za kushika nguo, akaita sanamu irudishwe. Mama hakugeuka.

"Njoo umchukue, mwenyekiti. Niko hapa na mama yako."

Hakuja. Mama alimbeba Ana mpaka altare, padre akampokea, hakuuliza pete. Akarudi nilipokaa, akanikumbatia shingoni kwa nguvu. Tangu siku hiyo nikikohoa alisema tu kunywa maji. Na kwa vile kikongwe alikaa kwenye mtungi wetu mpaka jioni, Ofwono na mrija wake mrefu walikunywa harufu. Mwacha mila ni mtumwa.

Siku hizi Ana anapanda pikapu. Spika mbele, spika nyuma, soda za chupa, pombe ya wimbi hakuna, kijiji hakinuki kitu. Mwaka jana mwenyekiti alikuwa mjukuu wa Ofwono, kichwa kile kile. Nilimwona chini ya hema anakula paja la kuku sahani moja na mama mkwe wake, wanapigana picha na simu, wanasema ni maendeleo. Akashika maiki akatangaza kwamba babu yake alimbeba Mtakatifu Ana kwa mikono yake mpaka altare. Nilicheka mpaka wakaniletea maji.

Halafu mjukuu wangu wa kike, ana mtoto mgongoni aliyetoka hospitali juzi, akasogea kwa pikapu amguse Ana. Wakamuuliza pete. Wakamrudisha nyuma, karibu na masufuria.

Hiyo ya pete hawakuiacha. Walichoacha ni ile ya mkwe. Nikageuka nikaangalia njia ya Molo, labda kuna kikongwe anakuja na kuku kwapani. Njia ilikuwa tupu, na hata angekuja, nani angempisha?