Mkebe Ilikubali, Pipa Ikawaka

Kagwe alirudishwa kazi! Naanza na hiyo juu ndiyo kitu poa kabisa kwa hii stori, na huko katikati ni aibu tupu. Aibu ya watu wetu, sasa.

Babu ya mama yangu aliitwa Walubengo, mtu wa Bungoma. Mwaka wa 1949 alikuwa anawasha boila kwa kiwanda ya kusaga mahindi huko Kitale. Mvua ilinyeshea makaa ya mawe hadi ikawa inatoa moshi tu, mashine inazima. Akafikiria kitu, na si ati alisomea. Mvuke ya kawaida inalowesha, lakini ukiipitisha kwa moto mara ya pili, inakuwa kali na kavu hadi inavuta maji yote kwa makaa. Na kwa vile ndani hakuna hewa, makaa haiwaki.

Akaunda mfano mdogo: birika, paipu ya shaba juu ya jiko, mkebe ya majani chai na makaa ngumi moja. Akafungua mkebe hapo hapo. Makaa kavu kabisa. Wenzake wakapiga makofi, kichwa ikavimba.

Halafu akafanya na pipa nzima ya makaa. Mwenzake wa boila, Kagwe, akagusa hiyo pipa, akatoa mkono haraka.

"Walubengo, ndani bado ni moto sana. Tungoje kesho."

"Kwani mkebe ilingoja?"

"Mkebe ni kidogo, bana. Ilipoa yenyewe."

"Wewe Kagwe hata maji ya mtungi unapuliza. Shika spana, fungua."

Kagwe akafungua. Hewa ikaingia, makaa ikawaka yote mara moja, stoo ya magunia hapo kando ikaungua ikaisha. Mwenye kiwanda akaja mbio, akauliza nani amefungua. Spana ilikuwa kwa mkono ya Kagwe. Akafutwa hapo hapo. Na Walubengo, na akili yake yote, akaangalia viatu.

Jumamosi akaenda nyumbani. Ugali ikapoa mbele yake hadi bibi yake, Nasimiyu, akauliza kuna nini. Akasema yote. Nasimiyu hakumgombeza. Alivuta sahani akaifunika.

"Na Kagwe anakula wapi?"

Jumatatu akasimama mbele ya wafanyikazi wote, kofia mkononi. "Bwana, ile pipa ni yangu. Kagwe alinikataza, mimi nikamlazimisha."

Akafutwa yeye. Kagwe akaitwa.

Walubengo akaenda kulima tumbako Malakisi. Siku moja Kagwe akamtembelea, amebeba sukari. Walubengo kumwona tu, akakimbia kwa nyumba ya kukaushia tumbako, akajificha kati ya majani. Kagwe akakunywa chai na Nasimiyu. Akitoka, akasema kwa sauti, akiangalia ile nyumba:

"Mama, mwambie pipa ilipoa kitambo."

Walubengo hakutoka. Akiwa mzee ndiyo aliambia mama yangu hii yote, na hakumwangalia usoni.

Sisi kwa familia huwa tunasema tu ile akili ya mvuke. Tafadhali, mtumie mtu mwingine hii stori, na jina ya Kagwe usiifute.