Rangi Juu ya Sarafu za Baba

Fundi Saa alikuwa mtu wa mkono mwepesi na maneno machache. Miaka thelathini na miwili alikaa nyuma ya meza ile ile, lenzi jichoni, akifufua saa ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Ndiyo maana dada yake mkubwa, alipopata kazi ya uuguzi ng'ambo, alimkabidhi sarafu za marehemu baba yao, zote za madini ya fedha.

"Wewe ndiye unayejua kushika vitu, mdogo wangu. Nitunzie."

Akazitunza. Kila moja aliitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, akazipanga kwenye boksi, boksi akalisukuma nyuma ya droo ya chini. Miaka minne hakuligusa.

Jumatatu moja dada akapiga simu kwamba anarudi Alhamisi. Fundi akalitoa boksi alipanguse vumbi. Alipofungua bahasha ya kwanza, aliisogeza sarafu karibu na taa. Sarafu aliyoiacha nyeupe ilikuwa na rangi ya asali ukingoni, zambarau kwa ndani, na buluu ya shingo ya tausi. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa mbaya zaidi.

"Nimekwisha," alijisemea. "Zimeshika kutu."

Hofu ikamtuma vibaya. Alichukua dawa yake ya kung'arishia makasha ya saa, akachovya sarafu ndogo kuliko zote. Ikatoka nyeupe pe. Alifurahi kidogo, mpaka alipoiweka chini ya taa: ilikuwa imepooza, haichezi na mwanga, kama kifuniko cha kopo. Akaifunga chupa haraka, akamwita mkewe aone.

"Usiguse nyingine," mkewe alimwambia. "Mpelekee yule mwalimu wa kemia uliyemtengenezea saa ya ukutani. Si alisema anakusanya sarafu?"

Jumatano asubuhi alikuwa sebuleni kwa mwalimu, mama mstaafu mwenye miwani moja shingoni na nyingine kichwani, akiitafuta ya tatu. Mwalimu alishika sarafu kwa kingo, akaigeuza dirishani polepole.

"Fundi, nani kakwambia hii ni kutu?"

"Si unaiona rangi, mwalimu?"

"Naiona, na naionea wivu! Huu ni utando tu. Karatasi ya bahasha ina salfa, fedha imeivuta taratibu miaka yote hiyo. Angalia rangi zinavyoingiliana bila kukatika. Wapo watu wanaotafuta rangi kama hii na hawaipati."

Fundi alishusha pumzi, lakini nusu tu. "Na hii niliyochovya?"

"Hiyo umeichuna ngozi," mwalimu alisema bila kuzunguka. "Hairudi ilivyokuwa. Ila ni moja. Nyingine zitie kwenye vifuko safi vya plastiki, mahali pakavu, na ile dawa yako ziachie saa zifaidi."

Kisha akamtaka avae lenzi yake. Alimwonyesha vidonda vifupi vilivyotawanyika shavuni mwa sarafu moja: vile vilitokana na sarafu kugongana ndani ya magunia zikiwa mpya kutoka kiwandani. Kwenye nyingine, kubwa, Fundi aliona mikwaruzo myembamba mno, yote imelala upande mmoja.

"Hii mtu aliisugua kwa kitambaa," mwalimu alisema. "Tena si mara moja."

Alhamisi dada hakuwa hata amevua viatu, mdogo wake akamwaga yote: rangi, dawa, sarafu iliyochunwa. Dada alisikiliza, akaomba lenzi, akazikagua moja moja. Alipofika kwenye ile yenye mikwaruzo alicheka hadi machozi.

"Baba huyu! Umesahau? Kila mgeni akija, anaitoa mfukoni, anaifuta kwenye shati kwanza, tena upande huu huu wa kushoto. Mama alikuwa anamgombeza anachafua mashati."

Fundi alikuwa amesahau kabisa. Sasa alimwona baba yao wazi, kifua mbele, akisugua.

"Na hii ndogo, dada?"

"Hiyo ni yako. Sasa nawe umeacha alama yako, kama yeye." Akamsukuma begani. "Ulinitisha ulivyoanza. Nilidhani zimeibwa."

Wote wawili walicheka, na Fundi akahisi mabega yake yakishuka mahali pake kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alikula sahani mbili, akalala kitini mchana kweupe, mdomo wazi, huku dada yake akizitia sarafu kwenye vifuko, akizishika kwa kingo.